Kurusha softiboli ndani ya nyumba wakati wa baridi: mwongozo kwa wenye nafasi finyu

Theluji ikishafunika viwanja vya Minnesota, softiboli ya nje, ule mchezo wa jamii ya besiboli, imekwisha mpaka Aprili. Tatizo ni kwamba msimu wa shule za sekondari haungoji theluji iyeyuke. Timu huanza mazoezi Machi ndani ya jimu, na humo ndimo makocha huamua nani atakuwa mrushaji, yule anayemrushia mpigaji mpira. Mchezaji wa nafasi nyingine anaweza kuuamsha mkono wake kwa wiki mbili akawa sawa. Mrushaji ni vigumu. Urushaji wa softiboli, ule wa mkono kuzunguka duara zima na kuachia mpira chini karibu na nyonga, ni mwendo wa mwili mzima: miguu, nyonga, bega, kigasha na kifundo cha mkono hupokezana kwa chini ya sekunde moja, na mpokezano huo hulegea ukiachwa miezi minne.

Nawaandikia zaidi familia zetu za Minneapolis na miji mingine ya kaskazini mwa Marekani, ambako binti amependa mchezo ambao baba na mama hawakuukulia. Mama aliyecheza rede anajua kurusha kwa kupitisha mkono juu ya bega. Huu wa chini ni kitu kingine kabisa, na si lazima uwe umeucheza ndipo umsaidie mwanao. Kukodi ukumbi wenye wavu kila wiki ni gharama, na si kila mzazi anatoka kazini mapema. Gereji, besimenti au hata sebule vinatosha kwa sehemu kubwa ya kazi.

Ila lishike jambo moja kwanza, maana hatua zote zinatokana nalo. Gereji ya mita sita si kiwanja kilichopunguzwa. Ukianza kuhesabu straiki humo, yaani mipira iliyopita mahali halali pa kupigwa, na kushangilia kila mpira uliopiga katikati ya wavu, utamzoesha binti mambo yatakayomgeuka akifika uwanjani. Ndani ya nyumba tunatengeneza mwili: mguu unatua wapi, mkono unapita wapi, vidole vinauachia mpira vipi. Majira ya baridi ndiyo wakati wake hasa, kwa sababu hakuna mpigaji mbele yake, hakuna mabao ya kuhesabu, hakuna mtu wa kumharakisha.

Wala hakuna ugeni wowote kuucheza mchezo huu ndani. Softiboli ilizaliwa ukumbini, Chicago, Sikukuu ya Shukrani ya mwaka 1887. Vijana waliokuwa kwenye klabu ya Farragut Boat Club wakisubiri matokeo ya mechi ya Harvard na Yale walianza kurushiana glavu ya ndondi na kuipiga kwa fimbo, na mmoja wao, George Hancock, akaifunga ile glavu ikawa mpira, akachora uwanja sakafuni. Miaka ya mwanzo uliitwa besiboli ya ndani. Hapa Minneapolis, mwaka 1895, mzimamoto Lewis Rober alianzisha mchezo wa namna hiyo nje, kwenye kiwanja cha kando ya kituo, ili wenzake wapate mazoezi wakisubiri kuitwa.

Hatua ya kwanza: pima

Mwite binti, chukua futi ya kupimia. Asimame wima akiwa amevaa viatu, ainue mkono wa kurushia ukiwa umeshika mpira, apande juu ya ncha za vidole vya miguu. Pima hadi juu ya mpira, ongeza sentimita 15. Hicho ndicho kimo cha dari kinachotakiwa kwa mzunguko mzima. Nyumba nyingi za Marekani zina dari ya futi 8, yaani mita 2.44, na binti wa mita 1.60 hupita hapo bila shida. Besimenti za nyumba za zamani huwa fupi zaidi, tena zina mihimili na mabomba yanayoning'inia.

Dari isipotosha, usimwambie ainame au akunje kiwiko ili asigonge. Mkono hujifunza upesi kuogopa dari, na woga huo hubaki nao hata akiwa chini ya anga wazi. Atafanya mazoezi ya nusu mzunguko (umbo la K) na ya kupiga goti, nitakayoyaeleza, na mzunguko mzima ataufanya gereji au jimu.

Kwa urefu, hatua ya mrushaji anapojisukuma mbele hukaribia kimo chake mwenyewe. Mita tatu zinatosha kwa mazoezi yasiyo na mpira kuruka. Ukitaka arushe kwenye wavu kwa mzunguko mzima, tafuta mita sita hadi saba kutoka anapoanzia hadi kwenye wavu. Gereji ya gari moja mara nyingi inafika hapo gari likitolewa nje. Kwa upana, mita mbili.

Kisha tazama nini kiko njiani. Mpira ukichelewa kuachiwa hupaa juu, ukiponyoka mapema hugonga sakafu, na ukiponyoka mkono ukiwa juu unaweza kuruka nyuma. Kwa hiyo usitazame upande wa wavu peke yake. Tangi la maji ya moto, bomba la gesi, kabati la swichi za umeme, mota na springi za mlango wa gereji, taa za tyubu: kama haviwezi kukingwa, geuza mwelekeo wa kurushia. Na watoto wadogo wasikae nyuma yake wala ubavuni mwake. Wakae chumba kingine.

Hatua ya pili: sakafu, hewa na joto

Zege ni gumu kwa goti la mguu wa mbele, ambao hutua kwa nguvu kila mara na kuusimamisha mwili. Suluhisho bora nililoliona ni mikeka mizito ya mpira inayotandikwa kwenye mazizi ya farasi, inayouzwa katika maduka ya vifaa vya wakulima. Mmoja huwa na futi 4 kwa 6, unene wa karibu sentimita 2, na uzito wa kilo 45 hivi, kwa hiyo hautelezi ukishatandikwa. Nunua miwili, uilaze mmoja baada ya mwingine kwa urefu. Ikiwa mipya hunuka sana. Iache nje siku kadhaa kabla ya kuiingiza ndani. Usitumie zulia lililowekwa juu ya zege bila kugandishwa. Litamtoka chini ya mguu.

Viatu viwe vya mazoezi vyenye soli ya mpira, si vya meno. Mguu wa nyuma hubururwa sakafuni, na ncha ya kiatu hulika upesi, kwa hiyo tenga jozi ya zamani kwa kazi hii na uizungushie tepu nene sehemu ya kidole gumba.

Gereji isiyo na joto Januari inaweza kuwa chini ya nyuzi sifuri mchana kutwa. Mwili upashwe ndani ya nyumba: kuruka kamba, kuzungusha mabega, kukunja na kukunjua nyonga, mpaka jasho lianze kutoka. Mipira ilale ndani, maana mpira uliolala kwenye baridi huwa mgumu na vidole vinashindwa kuusikia. Hita ya umeme inafaa ikiwa mbali na wavu na mablanketi. Lakini usiwashe gari wala jiko au hita ya gesi ndani ya gereji iliyofungwa. Kaboni monoksidi haina harufu, na inaua.

Hatua ya tatu: wavu au blanketi

Wavu wa mazoezi wenye fremu ni mzuri, na hukunjwa baada ya kazi. Asiye nao aning'inize blanketi mbili nzito, zile za wahamisha samani, kwenye kamba imara au bomba lililofungwa juu. Siri iko kwenye kulegea. Blanketi iwe sentimita 40 kutoka ukutani na ncha ya chini isifungwe popote. Jaribu kwa mpira wa taratibu: unatakiwa ufe na kudondoka chini palepale. Ukirudi, blanketi imekazwa mno au iko karibu mno na ukuta.

Mzazi asikae kwenye ndoo kudaka katika nafasi hii. Mpira wa kilomita 80 kwa saa hutumia chini ya robo sekunde kupita mita tano. Hakuna mtu mzima mwenye kazi ya kutwa mgongoni atakayeuwahi ukipotoka. Ukitaka kudaka, iwe ni mazoezi ya kifundo cha mkono kwa mwendo wa polepole, na uvae kinyago cha mdakaji.

Mpira halisi wa kuanzia kundi la walio chini ya miaka 12 una mzingo wa inchi 12, sentimita 30.5, na uzito kati ya gramu 178 na 198. Kundi la chini ya miaka 10 hutumia wa inchi 11. Kwa nyumbani nunua pia wa sponji wenye ukubwa uleule. Ukubwa ndio muhimu, kwa sababu vidole vinakariri ukubwa. Mipira mizito ya kuongezea nguvu iache mpaka kuwe na kocha anayeijua kazi hiyo akimsimamia.

Hatua ya nne: mazoezi yenyewe

Fuata mpangilio huu, kutoka mwisho wa mwendo kurudi mwanzo wake. Urushaji huharibika zaidi pale mwishoni, mpira unapotoka mkononi, kwa hiyo ndipo tunapoanzia kila siku, viungo na akili vikiwa bado havijachoka.

Kifundo cha mkono. Binti asimame ubavu ukielekea wavu, mita mbili na nusu kutoka hapo, mkono wa kurushia ukining'inia kando ya paja. Kigasha kiguse nyonga, na palepale kinapogusa vidole viusukume mpira uende. Bega halifanyi kazi yoyote. Chukua tepu nyeusi ya umeme, uizungushe katikati ya mpira mara moja ufanye mkanda mmoja, kisha ashike mpira vidole vikikatiza ule mkanda ili mkanda uelekee wavuni. Mpira ukiruka, mkanda ukionekana mstari mmoja ulionyooka, vidole vimetoka pamoja. Ukiyumbayumba, kidole kimoja kimechelewa, mara nyingi cha shahada au kidole gumba. Kosa hilo uwanjani halionekani kwa macho, kwa sababu wote wanatazama kama ni straiki. Nyumbani unaliona kwa mpira wa taratibu kabisa, na binti mwenyewe analiona kabla hujafungua mdomo.

Mkanda huohuo ndio mwalimu wa mipira ya mbinu. Mpira wa kushuka huzunguka kwenda mbele, ukingo wake wa juu ukikimbilia kwa mdakaji. Mpira wa kupanda huzunguka kinyume, ukingo wa juu ukirudi kwa mrushaji. Katika mita tano hutaona mpira ukishuka wala kupinda, na usijaribu kuona. Tazama mzunguko tu. Ukiwa sahihi Januari, kushuka kutaonekana wenyewe akipata umbali.

Umbo la K. Hapa binti anaanzia katikati ya safari: mwili umegeuka ubavu, miguu imeachana kwa upana wa hatua, mkono wa glavu umeelekea wavuni, mkono wa mpira uko nyuma na juu, kati ya kichwa na usawa wa bega. Kutoka hapo anaushusha mkono, uzito unahamia kwenye mguu wa mbele uliokazwa, na mpira unatoka nyongani. Dari fupi haizuii zoezi hili. Macho yako yawe kwenye kiwiko. Mkono ni kombeo: ukikazwa hauna kasi. Kiwiko kiwe kimelegea kidogo wakati wa kushuka, kisha kigasha kigeuke kwa ndani wakati wa kuachia. Akiusukuma mpira mkono ukiwa umenyooka na mgumu, mrudishe kwenye kifundo cha mkono dakika mbili, ndipo arudi K.

Kupiga goti. Goti la upande wa mkono wa kurushia liwe chini juu ya mto, mguu mwingine mbele, mwili umegeuka ubavu. Afanye mzunguko mzima. Kimo kimepungua, kwa hiyo besimenti fupi inatosha, na kwa kuwa miguu haipo, mkono hauna wa kumsingizia. Zoezi hili linafichua nani anategemea kuinama mbele ili kupata kasi: akiinama, ataanguka.

Ukuta. Hili halitaki mpira. Asimame ukuta ukiwa upande wa mkono wa kurushia, kiganja kimoja kutoka begani, aelekee mbele kana kwamba wavu uko huko, kisha azungushe mkono polepole. Vidole vikikwaruza ukuta, mzunguko unatoka nje ya mstari. Mkono ukipita nyuma ya mgongo, utalazimika kulizunguka paja wakati wa kushuka na mpira utakwenda pembeni. Mizunguko ya polepole kumi, kisha ya kasi mitano.

Miguu kwenye mstari. Bandika tepu ya mafundi rangi sakafuni: mistari miwili iliyoachana kwa inchi 24, yaani sentimita 61, sawa na upana wa kibao cha mrushaji, kile anachokikanyaga anapoanza kurusha, na mstari mmoja katikati. Sheria inataka hatua isitoke nje ya upana huo. Aruke kutoka mwanzo wa mstari bila mpira, atue, atulie, atazame chini. Mguu wa mbele utue juu ya mstari wa kati au karibu nao, unyayo ukiwa umegeuka nusu ya kona, si kuelekea wavu moja kwa moja. Mguu wa nyuma uburute ncha ya kiatu kuufuata. Mtie alama ya tepu mahali alipotua mara nzuri, na baada ya wiki chache mtaona hatua imeongezeka.

Mwisho ndipo mzunguko mzima wenye hatua, kwenye wavu, kama nafasi ipo. Mipira ishirini hadi thelathini inatosha. Kama nafasi haipo, atie mpira wa sponji ndani ya soksi ndefu, ashike mpira kupitia kitambaa na ajizungushie ncha ya soksi kwenye kifundo cha mkono. Anarusha kwa nguvu zote, anauachia, na mpira unabaki kwenye soksi. Taulo dogo lililokunjwa na kushikwa ncha moja hufanya kazi hiyohiyo: likitoa mlio mkavu karibu na nyonga, wakati wa kuachia ni sahihi, likilia mbele ya mwili, amechelewa.

Mnaoishi kwenye apatimenti, soksi, taulo, ukuta na mstari ndiyo mazoezi yenu ya kila siku. Kwa mazoezi ya kifundo cha mkono, viringisha soksi nne au tano ziwe duara la ukubwa wa mpira, zifunge kwa tepu, arushie godoro lililosimamishwa. Kuruka na kutua kufanyike mapema jioni, juu ya mkeka. Jirani wa chini anastahili kulala.

Hatua ya tano: weka shabaha mahali pake

Hapa ndipo mazoezi mengi ya nyumbani huenda mrama, na ndiyo sababu nimesema gereji si kiwanja kidogo.

Kuanzia kundi la walio chini ya miaka 14 na kupanda, mrushaji husimama futi 43, mita 13.11, kutoka kwenye pleti, kile kibao cha chini anaposimama mpigaji. Walio chini ya miaka 12 husimama futi 40, walio chini ya 10 futi 35. Kwa kuwa anaruka mbele kabla ya kuachia, mpira wenyewe hupaa mita 11 hivi katika ule umbali wa futi 43. Ukiwa na kasi ya kilomita 80 kwa saa, hiyo ni nusu sekunde, na ndani ya nusu sekunde mvutano wa dunia huuteremsha mpira takriban mita 1.2. Ili ufike usawa wa goti la mpigaji, mrushaji huupandisha kidogo bila hata kufikiri. Mpira huenda ukipanda, hufika kileleni karibu na katikati ya safari, kisha hushuka.

Sasa wavu wako uko mita tano kutoka anapoachia, yaani karibu na kile kilele. Mpira mzuri wa chini, utakaopita gotini kwenye pleti, hapo kwenye wavu uko karibu sentimita 30 juu zaidi, karibu na usawa wa nyonga. Kwa binti anayerusha kwa kilomita 65, tofauti inafika sentimita 40 na zaidi. Mzazi asiyejua hili hubandika tepu usawa wa goti na kumsifu binti kila anapoigonga. Mwezi Machi binti huyohuyo anarusha mipira inayogonga sakafu kabla ya pleti, analaumiwa kwa kukosa umakini, ilhali anarusha kama alivyofundishwa miezi mitatu.

Kuna njia rahisi ya kupata kimo sahihi bila hesabu. Siku mtakapopata jimu, mwache arushe umbali kamili kwa mdakaji. Simamisha nguzo mbili, mita tano mbele ya anapoachia mpira, moja kila upande, ufunge kati yake kamba nyembamba ya mpira inayonyumbuka. Panda na kushuka na kamba mpaka mipira yake mizuri ya chini iwe inapita juu yake kwa kuigusagusa. Pima kimo kutoka sakafuni, kiandike, na hicho ndicho cha kubandika nyumbani. Rudia kila baada ya wiki sita, maana kasi yake ikiongezeka kamba itashuka.

Upana nao unabadilika. Pleti ina inchi 17, sentimita 43. Mita tano kutoka mkononi, njia inayoelekea pleti hiyo ina upana wa sentimita 20 tu. Kwa hiyo mpira uliopotoka kiganja kimoja kutoka katikati ya wavu wako tayari ni mpira wa nje. Shabaha iwe ukanda mwembamba uliosimama, wala si mraba mkubwa.

Na hata ikiwa imewekwa sawasawa, ifunike siku nyingi. Tundika shuka juu yake, arushe akisikiliza mwili wake. Ifunue mara moja kwa wiki.

Hatua ya sita: simu iwe shahidi

Weka simu upande wa mkono wa kurushia, kimo cha nyonga, urekodi kwa mwendo wa polepole. Simamisha picha mahali pawili tu. Kwanza, mguu wa mbele unapogusa sakafu: mkono uwe umepita juu, umeanza kushuka nyuma, yaani lile umbo la K. Ukiwa bado mbele ya uso, mkono umechelewa na bega litalazimika kulipia. Pili, mpira unapotoka: kiwiliwili kiwe wima, mguu wa mbele umekaza, mkono uko kando ya nyonga. Video mbili kwa wiki. Zaidi ya hapo mtoto huanza kujitazama badala ya kurusha, na sauti ya mzazi hugeuka kelele. Sema kosa moja kwa siku, lile kubwa.

Hatua ya saba: wingi na mapumziko

Husemwa sana kwamba kurusha kwa chini hakuchoshi bega. Si kweli. Maumivu ya mbele ya bega, pale msuli wa juu ya kiwiko unapojishika, ni ya kawaida kwa warushaji wa softiboli, na hayapoi kwa kuyapuuza. Yukiko Ueno wa Japani alirusha mara 413 ndani ya siku mbili kwenye Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, na nchi yake ikapata dhahabu. Alikuwa mtu mzima wa miaka 26, akiwa kwenye mechi za mwisho za mashindano aliyojiandalia kwa miaka. Binti wa miaka 13 hana sababu ya kufanya hata robo ya hayo Januari.

Baada ya msimu wa vuli, apumzike kabisa kurusha kwa wiki kadhaa. Novemba nzima ikiwezekana. Desemba aanze na siku tatu kwa wiki, nusu saa kila mara, kifundo cha mkono na K tu. Januari siku nne, akiongeza goti na mzunguko mzima. Kati ya siku hizo afanye miguu na mgongo: kuchuchumaa kwa mguu mmoja, kuruka pembeni na kutulia, kuvuta mkanda wa mpira unaonyumbuka uliofungwa mlangoni ili kuimarisha nyuma ya bega. Mruko wa mita mbili hauanzii mkononi.

Uchovu wa misuli ya mapaja ni wa kawaida. Maumivu makali ya bega, kiwiko kinachouma akifungua chupa, au ganzi ya vidole si uchovu. Asimame siku hiyohiyo, na kama hayaishi kwa siku chache aonwe na mtaalamu wa majeraha ya michezo. Shule nyingi za sekondari huku zinaye.

Hatua ya nane: kurudi kwenye umbali kamili

Februari tafuteni jimu yenye nafasi, ya kanisa, ya kituo cha jamii au ya shule, hata kwa saa moja kwa wiki. Siku ya kwanza msianze futi 43. Aanze nusu ya umbali, kisha arudi nyuma hatua tatu kila baada ya mipira kumi. Mipira ya kwanza itapotoka, mara juu mara chini, kwa sababu macho yake yamezoea ukuta wa karibu. Usiguse chochote katika urushaji wake kwa wiki mbili za mwanzo. Tazama miguu na mkono vilevile ulivyovitazama gereji. Vikiwa sawa, macho yatazoea umbali yenyewe. Kitu pekee cha kubadilisha mapema ni mpira wa polepole wa kumhadaa mpigaji, ambao ndani ya mita tano haukuweza kupimwa: sasa arushe mmoja baada ya kila mipira mitano ya kasi, mkono ukizunguka kwa kasi ileile, na umsimamishe mtu kwenye pleti akiwa na gongo bila kupiga, amwambie kama aliuona ukija.